Betri Sita za Zamu ya Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la baba mkwe, nikafika kabla ya saa moja asubuhi, nikakuta mlango wa depo umefungwa kwa kufuli mbili. Nilisimama pale mpaka saa tatu. Mkuu wa Depo alipofika hakunisalimia. Alinipa kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba, akanionyesha madawati yaliyorundikwa mpaka karibu na paa, akasema, "Andika numéro kwa kila moja. Kitu chenye hakina numéro ni cha mwizi." Nikapaka namba siku nne mfululizo. Siku ya tano ndipo aliponiuliza jina langu.

Naandika haya kwa ajili ya vijana walioingia serikalini juzi juzi, ambao nikiwaambia kwamba nilikuwa magazinier huguna kidogo kwa adabu. Magazinier ni mtunza ghala. Nilitunza vifaa vya shule vya ofisi moja ya serikali hapa Goma, ofisi ambayo jina lake nitaliacha, maana wengine bado wanakula mshahara wake, au wanaungoja. Chaki, madawati, mabati, misumari, madaftari ya mahudhurio: chochote ambacho bajeti ya shule iliweza kununua kilipita mikononi mwangu kabla ya kumfikia mwalimu. Sitawaficha, nilijivuna. Mimi ni mtu wa milima ya Masisi, nimekulia nyuma ya ng'ombe, na kwetu mtu huhesabu kundi lake asubuhi na jioni. Kazi ile niliipenda tangu nilipoiona.

Kila kifaa kilikuwa na fishi yake, karatasi ngumu inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Bila bon, yaani hati ya kutoa yenye sahihi tatu, hata kalamu haikuvuka kizingiti. Safu ya mwisho ya fishi ilikuwa ya hali ya kifaa, na maneno yaliyoruhusiwa pale yalikuwa manne tu: mpya, nzuri, imetumika, imekufa. Mimi niliyetoka shuleni na akili zangu nilimwuliza Mkuu wa Depo nitatambuaje kwamba kitu ni kipya kweli.

"Usifikiri sana," aliniambia. "Kartoni iko na utepe wake? Basi ni mupya. Ukishafungua, haiko mupya tena, na watauliza ni nani alifungua. Utajibu nini?"

Nilihakikisha kwamba sitahitaji kamwe kulijibu swali hilo.

Baada ya miaka michache nilipelekwa Vitshumbi, kwenye ziwa la samaki, kutunza ghala dogo la shule. Kila kitu kule kilinuka samaki, hata chaki. Nilikuwa na pipa moja la mafuta ya taa, na boma la viboko wa ziwani lilikuwa nyuma ya ukuta, au niseme walijifanyia boma pale bila kuniuliza. Siku moja Msimamizi wa Elimu wa kule, mtu mnene na mpole, alikuja kuniomba nusu lita ya mafuta. Mke wa mwalimu mmoja alikuwa anajifungua na nyumba yao haikuwa na taa. Nilimwomba bon. Akaenda kununua mafuta sokoni kwa fedha yake. Kisa hicho nilikisimulia miaka mingi kama sifa. Wakubwa walikipenda, na nadhani ndicho kilichonirudisha Goma nikiwa mkuu wa depo, na funguo zote mfukoni.

Sasa niwaeleze kitu mnachokiona kila mara ofisini lakini labda hamjakijua vizuri. Mkubwa akihamishwa, kabla mwingine hajakaa kwenye kiti chake, hufanyika remise-reprise, yaani makabidhiano ya ofisi. Orodha ya mali yote inasomwa, anayetoka anatia sahihi, anayeingia anatia sahihi. Mpaka sahihi zote mbili zipatikane, mali inafungwa kwa karatasi yenye muhuri, na hakuna kinachotoka. Ni utaratibu mzuri. Umewazuia wakubwa wengi kuondoka na viti. Siku hizo magazinier ndiye mtu muhimu kuliko wote. Hata bourgmestre, yaani mkuu wa komini, sehemu ya jiji, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, humngoja amalize kusoma. Nilizipenda siku hizo kama wengine wanavyopenda Krismasi.

Kulikuwa na shule moja ya mbao upande wa Keshero. Watu waliposhuka kutoka Masisi wakikimbia vita, wengi wao jamaa zangu wa milimani, watoto walijaa mpaka directrice, mwalimu mkuu wa pale, akagawa siku mara mbili. Watoto wa mtaa walisoma asubuhi, wa wakimbizi walianza saa sita na nusu mchana. Aliitwa Mama Venansia, mwanamke mwembamba wa makamo aliyesema polepole na asiyerudi nyuma. Madarasa yale yalikuwa na madirisha madogo ya mbao, bila kioo. Mvua ikija, na katika msimu wake hapa haikosi kuja alasiri, madirisha hufungwa na darasa huwa giza kama ndani ya sanduku. Zamu ya mchana ilikuwa ikipoteza nusu ya masomo yake namna hiyo. Wakaguzi walikuwa wamekwisha kuandika kwamba zamu isiyosoma haiwezi kuendelea kuitwa zamu: ipate mwanga, au ifutwe.

Nilikuwepo kwenye kikao cha bajeti siku ile, kwa kuwa magazinier huitwa kusema kilichopo ghalani. Bourgmestre wa wakati huo alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa sauti ya chini. Shule ile iliomba vitu viwili: mabati mapya, kwa sababu ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu kwa moshi wa mlima wa moto, na umeme wa jua kwa ajili ya taa. Fungu la shule lilitosha kimoja.

"Mama directrice, chagua," bourgmestre alisema. "Mabati ao taa?"

"Taa, Muzee."

"Na mvua yenye inaingia?"

"Mvua, tunasogeza mabanki ya kukalia. Giza tutalisogeza wapi? Ile batoto ya mchana haina pahali pengine. Mukifuta zamu yao, asubuhi hakuna nafasi hata ya mumoja."

Diwani mmoja alisema umeme wa jua ni mambo ya kujionyesha, kwamba sisi sote tulisoma bila taa. Bourgmestre alimwuliza kama alisoma alasiri, ndani ya mbao, katika mvua. Diwani akainamia karatasi zake. Ikaandikwa: taa.

Vifaa vilifika mwanzoni mwa msimu wa mvua. Paneli, nyaya, taa, na betri sita ndani ya kartoni zao. Nilizipokea mwenyewe, nikazipaka namba, nikaandika kwenye fishi: mpya. Sherehe ya kuzipeleka Keshero ilipangwa Jumamosi, na bourgmestre alikuwa ameagiza hotuba yake ichapwe. Jumatano redio ikasoma majina ya waliohamishwa. Lake lilikuwa la tatu. Alhamisi asubuhi nilifunga depo kwa karatasi na muhuri, kama utaratibu ulivyotaka.

Bourgmestre wa pili alikuwa mtu wa kutembea upesi na kusimama ghafla. "Mi sitatia sahihi kitu sijaona na macho yangu," alisema, na kwa hilo nilimheshimu. Kasoro ni kwamba hakupata muda wa kuja kuona. Aliunda tume ya kuona kwa niaba yake, tume ikaomba posho ya kuona, na msimu ukapita. Kisha naye akaondoka, akawekwa wa muda. Mkubwa wa muda hana ruhusa ya kutoa mali. Anashughulikia mambo ya kila siku tu. Yule wa muda alikaa kuliko wengi wa kudumu niliowahi kuwatumikia.

Mama Venansia alikuja kila mwanzo wa muhula. Alitoka Keshero kwa miguu, akifika viatu vyake vyeusi vimekuwa vya kijivu kwa vumbi la mawe ya mlima. Alinisalimia, aliuliza habari za nyumbani, kisha aliuliza kama sahihi imepatikana. Nilimjibu haijapatikana. Alishukuru, akaondoka. Wakaguzi walimwongezea muda mara moja, halafu mara ya pili, kwa sababu vifaa vilikuwa vimenunuliwa na karatasi zilionyesha hivyo.

Mara ya nne hakuondoka. Aliketi juu ya kreti ya chaki.

"Papa, kuko fundi wa redio karibu na kwetu," alisema. "Anasema betri inakula. Ikikaa bila kula, inakufa mu kartoni, na kwa inje hauone kitu."

"Hizi ziko mupya, Mama. Hakuna mutu amezigusa."

"Njo maana anasema zitakufa. Kwa sababu hakuna mutu amezigusa."

Nilinyoosha fishi zangu juu ya meza. Aliendelea kwa upole, kama anavyomweleza mtoto hesabu. "Siombi uzitoe. Uzifungue tu humu, uziweke mu cour hapa inje na paneli zake, zikule jua siku mbili, halafu uzirudishe. Nitakuya na fundi mi mwenyewe. Hata kila mwezi nitakuya."

Mtu aliyechunga ng'ombe hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya kufungiwa bila kulishwa. Nilimwelewa papo hapo, na nilimwamini. Uwanja wetu ulikuwa na jua la kutosha tangu asubuhi. Kilichonizuia ni utepe. Nikizifungua, lazima niandike barua ya kueleza. Barua itafika kwa mkubwa asiye na ruhusa ya kuijibu. Na kwenye fishi, kwa mwandiko wangu, neno mpya litafutwa na kuandikwa jingine. Nilikuwa na fishi safi kuliko zote katika jiji hili. Hazikuwa na neno hata moja lililofutwa kwa miaka kumi na zaidi.

"Ulete bon," nikamwambia.

"Bon ya kuzilisha?"

"Hakuna bon ya kulisha, Mama. Kuko bon ya kutoa."

"Lakini sitoi kitu."

"Basi sina karatasi ya kukupa."

Nilisema kweli. Katika vitabu vyote vya kazi yetu hakuna hati ya kulisha kitu kilichomo ghalani. Alinyanyuka, akapangusa sketi yake chaki, akasema atarudi muhula ujao. Naye alirudi, lakini habari ya fundi hakuitaja tena.

Hatimaye akaja bourgmestre wa kudumu, mama aliyekuwa wakili. Kwenye remise-reprise nilisoma orodha kwa sauti toka mwanzo hadi mwisho, na hakikukosekana hata kiti. "Betri, sita, mpya," nilisoma, nikageuza ukurasa. Alisema mbele ya wote kwamba hajawahi kuona depo ya namna hii, na kwamba wengine waje kujifunza kwangu. Siku chache baadaye aliniita akanikabidhi bon ya Keshero, sahihi zote tatu. Nilifikiri moyo wangu ungefurahi zaidi ya vile.

Tulikwenda na lori asubuhi. Watoto wa zamu zote mbili walikuwa wamesimama uwanjani, wa mchana wamekuja mapema kwa ajili ya sherehe. Mafundi walipanda juu ya yale mabati mekundu kwa kutu, wakakanyaga kwa hadhari kwenye misumari tu, wakafunga paneli. Chini, kwenye ofisi ya directrice, fundi mkuu alikata tepe za kartoni, akagusisha nyaya za kipimo chake kwenye betri ya kwanza. Akatikisa kipimo. Akagusa ya pili, ya tatu. Alipomaliza ya sita alikizima, akakitia mfukoni.

"Zimekufa zote, Mama Bourgmestre. Zilikaa sana bila charge. Haziwezi kurudi."

Bourgmestre alinigeukia. "Kwenye orodha ulisoma mupya."

"Ni mupya, Mama. Hazijatumika hata siku moja."

Kila mtu aliyekuwa ndani ya chumba kile alisikia nilivyosema, na hakuna aliyecheka. Mama Venansia alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakunitazama. Alikuwa akiangalia kartoni, namba zangu nyeupe juu yake.

Kwa kuwa wageni walikuwa wamekwisha kuketi, fundi aliziruka betri, akaunganisha taa na paneli moja kwa moja. Zikawaka saa sita, jua likiwa utosini, madirisha wazi. Watoto walipiga makofi. Hotuba zilisomwa, wageni wakaenda kula. Mimi nilibaki nikikusanya kartoni tupu, maana nazo zina fishi. Saa tisa wingu likashuka kutoka mlimani, mvua ikaanza, walimu wakafunga madirisha, na taa zikafifia pole pole mpaka zikazimika. Kutoka barazani nilimsikia mtoto wa darasa la tano aliyekuwa akisoma kwa sauti. Alifika katikati ya mstari, akasimama. Mwalimu alisubiri kidogo, kisha akawaambia wafunge vitabu.

Kikao cha bajeti kilichofuata kilizungumza habari hiyo kwa muda mfupi. Shule haiwezi kununuliwa kifaa kile kile mara mbili wakati nyingine hazijapata hata mara moja. Hilo lilikuwa jambo la haki na hakuna aliyelipinga. Wakaguzi hawakuongeza muda tena. Zamu ya mchana ikafutwa. Kisha waliuliza kosa ni la nani. Karatasi zililetwa zote, fishi, orodha za remise-reprise, barua za tume, na kila moja ilikuwa na sahihi mahali pake. Ikaandikwa kwamba vifaa vimeharibika kwa kukaa muda mrefu. Nilirudi depo, nikatoa ile fishi, nikaandika imekufa chini ya neno mpya. Kwa mkono uleule. Nilitazama mistari ile miwili nikaona haya, na mpaka leo naona haya ninapoiandika.

Nilistaafu baadaye kwa heshima. Nilipewa cheti chenye fremu kinachosema nilikuwa mtumishi wa mfano, na mke wangu akakitundika sebuleni, nami nikakitoa kwa kisingizio kwamba ukuta una unyevu. Ninyi mnaoanza kazi mtaambiwa kwamba serikali huharibiwa na wezi. Ni kweli, wapo, nimewafungia milango wengi. Lakini mimi sikuiba hata chaki, na watoto wale wamekosa shule kwa mkono wangu. Sijui niwashauri nini juu ya hilo. Ningekuwa najua, ningekuwa nimelifanya.

Mwaka jana, karibu na saa sita, nilikwenda Keshero kumwona Mama Venansia. Nilikuwa nimepanga maneno kwa siku nyingi. Nilimkuta ofisini kwake akisahihisha madaftari, na nilisema kabla hajanikaribisha, nisije nikakimbia.

"Mama, nilijua. Siku ile uliniambia juu ya fundi wa redio, nilikuamini palepale. Nilijua zinakufa, nikaziacha."

Alimaliza ukurasa, akafunga daftari, akachukua jingine.

"Najua, Papa," alisema. "Ni mi mwenyewe nilikuambia."

Nilikuwa nimebeba jambo lile miaka yote nikidhani ni siri yangu. Kengele ikalia, watoto wa asubuhi wakatoka wakipiga kelele, mlinzi akafunga lango nyuma yao. Mama Venansia alivuta kiti kingine, akanionyesha nikae, akarudi kwenye madaftari bila haraka yoyote. Zamani, saa hiyo, watoto wa mchana walikuwa wakiingia, na hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kukaa.